UZI: "Msaidizi", "mhudumu": maneno yanayomficha mwanamke katika Biblia zetu za Kiswahili

Itifaki_Mkononi (mleta uzi)

Wanajukwaa, amani iwe kwenu.

Mada ya nafasi ya mwanamke katika Ukristo huishia palepale kila mara. Mmoja anatupa 1 Timotheo 2:12 (mwanamke asifundishe wala kumtawala mwanamume), mwingine anamjibu kwa Wagalatia 3:28 (hakuna mwanamume wala mwanamke, wote ni mmoja katika Kristo), kurasa zinajaa na hakuna aliyefungua kitabu. Naomba safari hii tufanye kazi nyingine. Tuchukue Union Version ya 1952, ambayo wengi wetu mistari yake tunaijua kwa kichwa, tutazame neno lililowekwa mahali panapomhusu mwanamke. Kisha tuulize: neno hilohilo la Kiebrania au Kigiriki likimhusu mwanamume, au likimhusu Mungu mwenyewe, limetafsiriwaje?

Naanza na Mwanzo 2:18, "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye". Msaidizi katika Kiswahili cha leo ni nani? Ni msaidizi wa kazi za nyumbani, katibu msaidizi, mwalimu mkuu msaidizi. Ni mtu wa pili, anayesubiri kuambiwa la kufanya. Ndiyo maana mahubiri ya harusi huteleza hapa bila mtu kushtuka: bwana ndiye mwenye kazi, bibi amekuja kumsaidia.

Neno la Kiebrania ni *ezer*. Limo mara 21 katika Agano la Kale. Mara 2 ni mwanamke huyu (Mwanzo 2:18 na 2:20). Mara 3 ni msaada wa wanadamu wakati wa hatari (Isaya 30:5, Ezekieli 12:14, Danieli 11:34). Mara 16 zilizobaki ni Mungu. Zaburi 121:2, "Msaada wangu u katika Bwana", ni *ezer*. Zaburi 33:20, "Yeye ndiye msaada wetu na ngao yetu", ni *ezer*. Musa alimwita mwanawe Eliezeri, na sababu imeandikwa katika Kutoka 18:4: Mungu alikuwa msaada wake akamwokoa na upanga wa Farao. Kwa hiyo *ezer* anakuja pale ambapo mwenye kusaidiwa ameshindwa peke yake. Kwa Mungu watafsiri waliandika "msaada", kwa mwanamke wakaandika "msaidizi". Tofauti ni silabi chache tu, lakini katika sikio la Mswahili moja ni ngao na nyingine ni cheo cha chini.

Neno la pili, *kenegdo*, lina vipande vitatu: *ke*, yaani kama, *neged*, yaani mbele ya au mkabala na, na *o*, yaani yake. Ni aliye mkabala naye, uso kwa uso. "Wa kufanana naye" imeshika kile kipande cha "kama", imeacha kile cha "mkabala".

Na ubavu je? *Tsela* ni ubavu, sawa, lakini ni neno hilohilo linalotaja upande wa sanduku la agano katika Kutoka 25:12, pete mbili upande huu na pete mbili upande wa pili. Adamu mwenyewe alipomwona hakusema "mfupa" peke yake. Alisema mfupa katika mifupa yangu na nyama katika nyama yangu.

Sasa Warumi 16:1-2. Fibi ni "mhudumu wa kanisa" la Kenkrea, tena ni "msaidizi wa watu wengi". Neno lililofasiriwa mhudumu ni *diakonos*. Paulo analitumia kwa nafsi yake na Apolo (1 Wakorintho 3:5) na kwa Epafra (Wakolosai 1:7). Katika Wafilipi 1:1 na 1 Timotheo 3:8 limekuwa "mashemasi". Lile la "msaidizi" ni *prostatis*, yaani mfadhili, mlezi mwenye mali na jina anayewasimamia watu mbele ya wakubwa. Angalieni kwa makini: *ezer* na *prostatis* ni maneno mawili ya lugha mbili tofauti yasiyohusiana kabisa, na yote mawili yalipomfikia mwanamke yamekuwa "msaidizi".

Karibuni, na kila anayetaja mstari aje na neno lililo chini yake.

---

DadaWaKwaya

Asante sana mleta uzi. Naomba kuongeza upande ambao Kiswahili kimetusaidia, ili isionekane tafsiri yetu ni ya makosa matupu.

Lugha yetu haina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. 1 Timotheo 3:1 kwa Kigiriki inasema *tis*, mtu yeyote, akitaka kazi ya askofu. Kiswahili kikasema "mtu akitaka", sawasawa kabisa. Zipo lugha zilizoingiza uanaume pale kwa sababu ya sarufi yao. Vilevile "ndugu". *Adelphoi* katika nyaraka ni kusanyiko zima, na kwetu ndugu ni wa kike na wa kiume. Msichana aliyeketi mkekani akisikia "Basi, ndugu, imekuwaje? Mkutanapo pamoja, kila mmoja ana zaburi, ana fundisho" (1 Wakorintho 14:26) hahitaji kuelezwa kwamba naye yumo.

Ila faida hiyo hiyo ina hasara. Matendo 9:36 inamwita Tabitha *mathetria*, yaani mwanafunzi kwa umbo la kike. Ni mahali pamoja tu katika Agano Jipya lote ambapo umbo hilo limetumika. Luka alilitafuta neno hilo kwa makusudi, na kwetu limekuwa "mwanafunzi", basi, limepita. Anayefundisha sura ile alitaje kwa mdomo, maana kwenye karatasi halionekani.

---

Mzee wa Kanisa 58

Mleta uzi, nimekusoma kwa heshima na hesabu zako za *ezer* sina neno nazo. Lakini usituzungushe. Paulo katika 1 Timotheo 2:12 hasemi habari za mila za Efeso. Mstari wa 13 anatoa sababu: Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza, kisha Hawa. Hiyo ni hoja ya uumbaji, na uumbaji hauna Efeso wala Korintho. Na Bwana aliwachagua Kumi na Wawili, wote wanaume, ilhali hakuogopa mila: aliongea na Msamaria kisimani, akamgusa mwenye kutoka damu. Kama angetaka angemweka mwanamke. Thamani ni sawa, kazi ni tofauti. Ninyi mnachanganya hayo mawili.

---

Itifaki_Mkononi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya mstari wa 13 ndiyo nzito kuliko zote upande ule, na anayeiruka hajajibu kitu. (Kidogo tu: kwenye Marko 5 ni yule mama aliyemgusa Bwana, naye Bwana akamwita "Binti" mbele ya umati.)

Twende neno kwa neno. Katika mistari ya 11 na 12 kitenzi cha amri ni kimoja tu: *manthaneto*, "na ajifunze". Huo ndio mzigo wa sentensi, na kwa wakati ule ulikuwa mzigo kweli. "Utulivu" ni *hesuchia*, na mzizi wake umo katika 2:2, pale waumini wote wanapoombewa maisha ya amani. Si kuzibwa mdomo. Katika mstari wa 12 "simpi ruhusa" ni *epitrepo*, kauli ya mwandishi ya wakati uliopo, si amri kwa umbo.

"Kumtawala" ndipo penye ugomvi. Neno la kawaida la mamlaka kwa Paulo ni *exousia*. Hapa limetumika *authentein*, ambalo halipo mahali pengine popote katika Agano Jipya. Wanaolisoma kama mamlaka ya kawaida wapo, wanaolisoma kama kujitwalia au kumkalia mtu kwa nguvu wapo, na wote ni wasomi wa kweli. Nionavyo mimi, mwandishi aliyetaka kusema "mamlaka" alikuwa na neno lake la kila siku mkononi. Alipoliacha akaokota neno zito la nadra, kuna jambo mahususi alilokuwa analizuia. Na barua imefunguliwa kwa jambo hilo: 1:3, Timotheo abaki Efeso awakataze watu wasifundishe elimu nyingine.

Kuhusu Adamu kuumbwa kwanza, Paulo yuleyule anaianza hoja hiyo katika 1 Wakorintho 11:8, kisha mistari ya 11 na 12 anairudisha: mwanamke ametoka kwa mwanamume, na mwanamume naye huzaliwa na mwanamke, na vyote vyatoka kwa Mungu. Atakayetumia mpangilio wa uumbaji autumie na marudio yake.

---

Kodeksi na Wino

Naongezea upande wa hati, maana hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Yunia, Warumi 16:7, ndiye anayesalimiwa kama "maarufu miongoni mwa mitume". Hati za kale ziliandikwa kwa herufi kubwa bila alama za lafudhi, hivyo jina linaonekana ΙΟΥΝΙΑΝ tu. Ukiweka alama mahali pamoja ni mwanamke Yunia, ukiihamisha ni mwanamume Yunias. Yunia ni jina la Kirumi lililoenea sana, limo katika mamia ya maandishi ya kale. Yunias kama jina la mwanamume halijapatikana hata mara moja katika maandishi ya zama zile. Yohane Krisostomo, aliyefariki mwaka 407 na ambaye Kigiriki kilikuwa lugha ya mama yake, alimsifu kama mwanamke mwenye hekima kubwa hata akastahili kuitwa mtume. Halafu toleo la Nestle la 1927, yaani Agano Jipya la Kigiriki wanalotumia watafsiri, likaweka alama ya kiume. Alama ya kike ikarudishwa 1998. Miaka 71 watafsiri wengi walifanya kazi juu ya alama iliyowekwa na mhariri, si na Paulo.

Ilipokubalika kwamba ni mwanamke, mwaka 2001 ikaja hoja mpya: "maarufu miongoni mwa mitume" ina maana ya kujulikana na mitume, si kuwa mmoja wao. Sarufi inaweza kubeba zote mbili. Mimi nasimama na Krisostomo, kwa sababu alizaliwa ndani ya lugha hiyo na hakuwa mtetezi wa wanawake makanisani. Hakuwa na sababu ya kumpandisha cheo.

Pili, 1 Wakorintho 14:34-35, "wanawake na wanyamaze". Katika baadhi ya hati za magharibi mistari hii miwili haiko hapo ilipo, iko baada ya mstari wa 40. Mistari inayohama namna hiyo huwafanya baadhi ya wachunguzi waamini ilianza kama maandishi ya pembeni. Lakini hata ukiiacha ilipo, hesabu neno "anyamaze" katika sura hiyo: mstari wa 28 ni mwenye lugha asiyekuwa na mfasiri, mstari wa 30 ni nabii mwenzake akifunuliwa neno, mstari wa 34 ni wanawake. Kigiriki ni kitenzi kilekile, *sigao*. Wawili wa kwanza hakuna anayewanyamazisha maisha. Na sura tatu nyuma, 11:5, mwanamke anasali na kuhutubu mbele ya kanisa, kinachojadiliwa ni kichwa chake kimefunikwa au la.

Tatu, Waefeso 5. Biblia nyingi zina kichwa cha habari kati ya mstari wa 21 na 22. Kile ni cha mchapishaji. Katika hati mbili za zamani sana, papiro 46 na Kodeksi Vatikano, mstari wa 22 hauna kitenzi kabisa. "Kutii" kunaazimwa kutoka 21, yaani kila mtu amtii mwenzake. Mhubiri anayeanzia 22 ameikata sentensi katikati. Na akimaliza 24 akafunga kitabu amesoma mistari 3 ya wake, akaacha inayoanzia 25 hadi 33 ambayo karibu yote ni ya waume.

---

Altareni

Tumsifu Yesu Kristo.

Upande wetu Wakatoliki hoja hujengwa tofauti, na ndugu wa makanisa mengine mara nyingi hutujibu hoja ambayo hatukuitoa. Hatusemi mwanamke hawezi kufundisha. Kanisa lina wanawake 4 waliotangazwa Walimu wa Kanisa: Teresa wa Avila na Katarina wa Siena mwaka 1970, Teresia wa Lisieux mwaka 1997, Hildegard wa Bingen mwaka 2012. Mwalimu wa Kanisa humfundisha hata Papa.

Suala ni sakramenti ya Daraja, yaani kuwekwa wakfu kuwa padre. Tamko la Vatikano la 1976 na barua ya Yohane Paulo II ya tarehe 22 Mei 1994 yanasema Kanisa *halina mamlaka* ya kuwapa wanawake upadre, kwa sababu Kristo alichagua Kumi na Wawili wanaume na padre katika Ekaristi anasimama kama ishara ya Kristo. Mtu anaweza kutokubaliana, ila ajibu hoja ya ishara na ya mamlaka, asijibu ya akili au utakatifu.

Vilivyobadilika vijulikane pia. Mwaka 1972 usomaji na utumishi wa altareni vilifanywa huduma za walei, lakini kwa wanaume tu. Tarehe 10 Januari 2021 Papa Fransisko alibadilisha kanuni 230 ibara ya 1 ya Sheria ya Kanisa, huduma hizo zikafunguliwa kwa wanawake. Tarehe 10 Mei mwaka huohuo akaanzisha huduma rasmi ya katekista, kwa wote wawili. Parokia inayosema "huduma hizo rasmi ni za wanaume tu" inasoma sheria iliyokwisha.

Na Maria Magdalena. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu katika mahubiri aliwaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja: Magdalena, Mariamu wa Bethania, na yule mwenye dhambi wa Luka 7. Injili haisemi hivyo popote. Kalenda ya 1969 ikawatenganisha. Mwaka 2016 kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai ikapandishwa kuwa sikukuu, daraja ileile ya Mitume, kwa sababu katika Yohana 20:17-18 ndiye aliyetumwa kwa mitume kuwapa habari. Bado ziko picha za ukutani na maigizo ya Pasaka yanayomvika nguo za kahaba. Ni kosa lenye zaidi ya miaka 1,400 na linaendelea kumchafua mtakatifu.

---

Mzee wa Kanisa 58

Milele amina. Altareni umeeleza vizuri kuliko sisi tunavyowaelezea.

Kodeksi, la Yunia nimelipokea, sikuwa nimejua la 1927. Swali langu linabaki kwa Fibi: mhudumu anaweza kuwa mtu wa kuhudumia tu, si shemasi wa daraja. Kuna ushahidi nje ya Biblia?

---

Kodeksi na Wino

Upo, Mzee. Plinio, gavana wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano karibu na mwaka 112 kwamba amewatesa watumwa wawili wa kike ambao Wakristo waliwaita *ministrae*, ambalo ndilo *diakonos* kwa Kilatini. Maana yake nusu karne baada ya Paulo cheo hicho kilikuwa kinajulikana hata na adui.

Karne ya 3, Siria, mwongozo wa kanisa unaeleza kazi ya shemasi wa kike: kuwapaka mafuta wanawake wanaobatizwa, kuwafundisha baada ya ubatizo, kuwatembelea wagonjwa nyumbani ambamo shemasi wa kiume asingeingia bila aibu. Mwishoni mwa karne ya 4 imeandikwa sala ya kumwekea mikono shemasi wa kike, inayowataja Miriamu, Debora, Ana na Hulda, manabii wanawake wa Biblia. Mtaguso wa Kalkedoni (mkutano mkuu wa maaskofu) mwaka 451, kanuni ya 15, ukaweka umri: asiwekewe mikono kabla ya miaka 40, na baada ya kuchunguzwa vizuri. Mtu hawekei sharti la umri cheo ambacho hakipo.

Kilichopunguza kazi hiyo kinaeleweka pia. Ubatizo wa watu wazima wa kuzamishwa ulipokuwa haba na watoto wachanga ndio wanaobatizwa, kazi ya kuwapaka mafuta wanawake ikaisha, na cheo kikafifia pamoja nayo.

---

DadaWaKwaya

Kwa anayeuliza hali ilivyo kwetu. PCEA ya Kenya, yaani kanisa la Presbiteri, ilimbariki Nyambura Njoroge kuwa mchungaji mwaka 1982. KKKT, kanisa la Kilutheri hapa Tanzania, inawabariki wachungaji wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anglikana Kenya ilimweka wakfu Emily Onyango askofu msaidizi wa Bondo Januari 2021, na Rose Okeno askofu wa Butere Septemba mwaka huohuo. Na mwaka 1989, pale Legon nchini Ghana, Mercy Amba Oduyoye na wenzake walianzisha umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika, ambao Wakenya kama Musimbi Kanyoro na Nyambura Njoroge wameufanyia kazi kubwa.

Nina ombi la vitendo: kikundi cha akina mama cha watu 10 hivi, saa moja na nusu, hakuna ajuaye Kigiriki. Tuanzie wapi?

---

Itifaki_Mkononi

Warumi 16:1-16, dada. Usianze na mistari ya ugomvi.

Chukua karatasi kubwa, chora safu tatu: jina, anaitwaje, amefanya nini. Someni kwa sauti polepole, kila jina la mwanamke likitokea liandikwe. Mtapata 10: Fibi, Priska, Mariamu, Yunia, Trifaina, Trifosa, Persi, mama yake Rufo, Yulia, na dada yake Nereo. Wengine wataruka wawili ambao hawakutajwa kwa jina, subiri mpaka wawaone wenyewe. Wengine watamwandika Trifaina kuwa mwanamume kwa kuwa Kiswahili hakionyeshi. Umbo la Kigiriki ni la kike.

Kisha pigeni mstari chini ya waliofanya bidii au kujitaabisha: Mariamu, Trifaina, Trifosa, Persi. Kitenzi ni *kopiao*. Fungueni 1 Wakorintho 15:10, Paulo anaeleza utume wake mwenyewe, neno ni hilohilo. Waacheni wanyamaze hapo kidogo, msiharakishe.

Dakika 30 za mwisho mwende 2 Wafalme 22. Kitabu cha torati kimeokotwa hekaluni, mwaka wa 18 wa Yosia. Mfalme anatuma wanaume watano, mmoja wao kuhani mkuu, kwenda kuuliza kama neno hili ni la Bwana. Yeremia alikuwa ameanza unabii mwaka wa 13 wa mfalme huyohuyo (Yeremia 1:2), yupo. Wao wakaenda kwa Hulda, mwanamke. Ulizeni kikundi kwa nini hakuna aliyeshangaa, hata mwandishi.

Kinachoharibu kipindi hiki ni kiongozi kutoa jibu la 1 Timotheo mapema. Likiulizwa liandikwe pembeni, lipangiwe siku yake.

---

Kodeksi na Wino

Kwenye safu ya Priska waongeze hesabu: yeye na mumewe Akila wametajwa pamoja mara 6, na mara 4 jina la mke liko mbele.

---

Mzee wa Kanisa 58

Zipi? Nikihesabu kwa Biblia yangu napata.

---

Kodeksi na Wino

Matendo 18:18 na 18:26, Warumi 16:3, 2 Timotheo 4:19. Akila yuko mbele Matendo 18:2 na 1 Wakorintho 16:19. Kama Biblia yako 18:26 inaanza na Akila, imefuata maandishi ya baadaye. Kodeksi Bezae, hati ya karne ya 5, nayo ilimtanguliza mume. Mstari wenyewe ni ule wa kumweleza Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Apolo tayari alikuwa hodari katika maandiko.